Kuchora Taj Mahal katika picha ndogo: mwongozo kamili, kutoka karatasi hadi dhahabu

Wengi wakiamua kuchora Taj Mahal, kitu cha kwanza wanachonunua ni rangi nyeupe. Katika mwongozo huu nyeupe ndiyo rangi ya mwisho kuguswa kabla ya dhahabu, tena kwa ncha ya brashi tu. Jengo lile huonekana jeupe kwa sababu ya kila kisicho cheupe kinachokaa nalo: mbingu nyuma yake, giza ndani ya matao, kijani cha bustani, na ule ukijivu mwepesi upande wa kuba ambao jua halijaufikia. Picha zangu tatu za kwanza niliziharibu kwa kutojua hilo. Nilipaka nyeupe kila mahali, na jengo likabaki bapa kama ukuta uliopigwa chokaa.

Tutachora kwa mtindo wa picha ndogo za wachoraji wa kifalme wa India. Picha yetu ni ya sentimita 12 kwa 16, ndogo kiasi cha kuishika kwa mkono mmoja na kubwa kiasi cha kubeba vitu vyote muhimu. Tenga saa 25 hivi, uzigawe kwa wiki tatu hivi. Kaa na kazi hii saa moja au moja na nusu kwa siku, usizidishe. Macho yakichoka, mkono huanza kutetemeka, na katika picha ndogo mtetemeko wa nusu milimita unaonekana.

Kabla ya penseli

Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, alifariki Burhanpur mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14. Mwaka uliofuata ujenzi wa kaburi lake ulianza Agra, kando ya mto Yamuna, na majengo yote pamoja na bustani yalichukua takribani miaka 20. Msanifu anayetajwa kuwa mkuu ni Ustad Ahmad Lahori. Marumaru ilitoka Makrana, Rajasthan, na mafundi waliofanya kazi hiyo wanatajwa kufikia 20,000.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ndogo hapa. Maneno ya kazi hii tunayo mdomoni tayari. Taj ni taji letu hili hili. Mahal huko India limekuwa jumba la kifalme, lakini mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupa mahali. Karakana ya wachoraji wa kifalme iliitwa tasvir khana, nyumba ya taswira, na brashi waliiita qalam, yaani kalamu. Hata neno rangi ni la Kiajemi, lugha iliyotumika katika baraza la Shah Jahan. Nayataja kwa sababu ukisikia fundi wa Jaipur au Lahore akieleza kazi yake, tega sikio: utaokota zaidi ya unavyodhani.

Sasa tafuta picha tatu au nne za Taj Mahal zilizopigwa kutoka bustanini, katikati kabisa, saa tofauti za siku. Usinakili moja. Zitazame zote kwa pamoja ukijiuliza swali moja: kivuli kiko wapi? Ukisimama bustanini unatazama kaskazini, kwa hiyo jua la asubuhi liko mkono wako wa kulia na la jioni mkono wa kushoto. Agra iko kaskazini ya Tropiki ya Kansa, hivyo saa sita mchana jua haliwi kamwe nyuma ya jengo. Mchana humulika uso unaoutazama. Nimeona picha nzuri sana zenye mwanga wa alfajiri ukitoka kushoto. Anayelijua eneo lile hawezi kutazama picha hiyo bila kuhisi kuna kitu kimekwenda kombo. Sisi tutachora asubuhi: mwanga kulia, kivuli kushoto.

Karatasi

Wachoraji wa zamani walitumia wasli, karatasi kadhaa zilizogandishwa pamoja kwa gundi ya wanga na kusuguliwa hadi ziwe laini kama ganda la yai. Unaweza kununua karatasi ya rangi ya maji ya gramu 300, ile yenye uso laini kabisa, na kazi itakwenda. Karatasi yenye vinundu usiichukue hata ukipewa bure. Mstari mwembamba ukipita juu ya kinundu hukatika.

Lakini wasli inatengenezeka nyumbani, nami nakusihi ujaribu angalau mara moja. Chukua karatasi nne nzuri zisizo na mng'ao, ukubwa wa sentimita 20 kwa 24. Pika uji mwepesi wa vijiko viwili vya unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha maji, uchuje kwa kitambaa. Huko India huongeza chembe ya mrututu ili wadudu wasile karatasi. Mrututu ni sumu: ukiutumia, vaa glavu, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Kama nyumba yako ina watoto, uache. Weka karatasi yako mahali pakavu, inatosha. Paka uji kwenye karatasi ya kwanza, laza ya pili juu yake, toa viputo vya hewa kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, endelea hivyo hadi ya nne. Iweke kati ya mbao mbili chini ya vitabu vizito kwa siku mbili. Ikikauka, isugue kwa kauri. Ndiyo, kauri ya baharini, ile ile tunayochezea bao pale kete zinapokosekana. Shika upande wa mgongo wake, sugua kwa mizunguko midogo, na karatasi itaanza kung'aa kidogo na kuteleza.

Kabla ya kuchora, pitisha chai ya rangi iliyopoa juu ya karatasi yote kwa brashi pana. Iwe hafifu sana. Hiyo inaondoa weupe mkali wa dukani na kukupa rangi ya marumaru iliyokaa juani karibu karne nne. Marumaru ya Taj Mahal haina weupe wa theluji. Moshi na vumbi vya Agra huipa umanjano, na wahifadhi huisafisha kwa kuipaka tope la udongo wa multani, udongo ule ule unaouzwa maduka ya vipodozi kwa ajili ya uso.

Jambo moja la historia lazima niliseme hapa, kwa kuwa linatuhusu. Katika karne ya 19 wachoraji wa Delhi na Agra walikuwa wakichora Taj Mahal kwenye vibamba vyembamba vya pembe za ndovu, vingine vidogo kama kifungo cha koti, na kuwauzia wageni wa Kiingereza ambao walivitia kwenye vipini na visanduku vya vito. Sehemu kubwa ya pembe zilizoshuka Bombay wakati huo zilitoka kwetu: zilibebwa mabegani kutoka bara, kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavuka kwenda Zanzibar, kisha zikapanda jahazi. Nikiona kazi hizo makumbusho, navutiwa na ustadi, na papo hapo nawawaza wapagazi na ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Karatasi yenye chai inatoa joto lile lile la rangi.

Vifaa vingine, kwa ufupi

Brashi tatu zenye ncha kali: namba 2, namba 0 na namba 000. Mafundi wa India hutengeneza zao kwa nywele za mkia wa kindi, lakini za nyuzi za kiwandani siku hizi ni nzuri. Penseli ngumu ya 2H, rula yenye milimita, rula ya pembetatu, kifutio laini, karatasi ang'avu ya kunakilia, na lenzi ya kukuzia. Rangi za maji: buluu ya ultramarini, hudhurungi iliyoiva, manjano ya udongo, damu ya mzee, kijani kimoja kilichopoa, na nyeupe nzito ya zinki. Dhahabu kidogo ya kuchanganya na maji. Nyeusi usinunue, tutaipata kwa kuchanganya buluu na hudhurungi. Kwa sahani ya rangi, makombe ya kome yaliyooshwa vizuri hayana mshindani: rangi hukaa katikati, haitawanyiki, na mafundi wa India wameyatumia tangu enzi.

Rangi ikiwa inatoka ukiigusa baada ya kukauka, imepungukiwa gundi. Ongeza tone la gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwenye maji. Ikipasuka kama tope la bwawa lililokauka, gundi imezidi.

Milimita moja kwa mita moja

Hapa ndipo picha hupona au hufa, kwa hiyo tutakaa.

Jukwaa la marumaru ambalo kaburi limesimama juu yake lina takribani mita 95 kila upande. Kaburi lenyewe lina upana wa mita 57 hivi. Kutoka ardhini hadi ncha ya juu kabisa ni kama mita 73, na minara inazidi mita 40 kidogo. Ukifanya kila mita kuwa milimita moja, jengo zima linaingia kwenye karatasi yetu bila kukokotoa chochote. Nilipogundua hivyo niliacha kabisa kukadiria kwa macho.

Chora kwenye karatasi ang'avu, si kwenye karatasi yako nzuri. Piga mstatili wa milimita 120 kwa 160, umesimama wima. Shusha mstari wa katikati kutoka juu hadi chini. Milimita 55 kutoka chini, piga mstari wa ardhi. Juu ya mstari huo weka jukwaa: kimo milimita 7, na kutoka mstari wa katikati milimita 47 na nusu kila upande.

Juu ya jukwaa, pima milimita 28 na nusu kila upande wa mstari wa katikati. Huo ndio upana wa kaburi, na kuta zake zipande milimita 24. Katikati simamisha fremu ya tao kuu: upana 21, kimo 30, hivyo inachomoza juu ya kuta kwa milimita 6. Ndani ya fremu chora tao lenyewe lenye ncha, upana 14 na kimo 24. Kila upande wa fremu sasa umebakiwa na milimita 18. Zigawe mara mbili. Zile 9 za ndani zinakutazama uso kwa uso. Zile 9 za nje ni kona iliyokatwa, inayogeukia pembeni. Katika kila kipande weka matao mawili madogo, moja juu ya jingine, upana 5 na kimo 8. Wanaoanza husahau kwamba kona zimekatwa, wakachora jengo kama sanduku. Ile kona moja inayokwenda gizani ndiyo inayoipa picha unene.

Sasa kuba. Juu ya fremu ya tao kuu acha shingo ya milimita 4, upana 22. Kuba huanzia hapo na upana huo huo wa 22, hutanuka hadi 27 ikipanda milimita 8, kisha hujifunga taratibu hadi ncha, milimita 24 juu ya shingo. Umbo lake linafanana na tumba la yungiyungi, na pale kileleni ndipo yungiyungi lenyewe limechongwa limefunikwa kichwa chini. Ukilitanua kupita kiasi linakuwa kitunguu. Ukilibana linakuwa yai. Chora mkunjo wa upande mmoja tu, tena mara kumi kama ni lazima, mpaka uridhike. Juu yake weka pambo la kilele, milimita 8. Jumla yako kutoka ardhini iwe 73. Isipofika, rudi upime.

Vibanda vidogo vyenye kuba juu ya paa viko vinne, ila kutoka mbele utaona viwili. Katikati ya kila kimoja iwe milimita 19 kutoka mstari wa katikati, upana 9, na kilele chake kifike pale ambapo kuba kubwa imetanuka zaidi. Minara ya mbele: milimita 45 kutoka katikati, kimo 42, upana 5 chini na 3 na nusu juu, na vibaraza vitatu. Minara ya nyuma: milimita 38 kutoka katikati, kimo 36, myembamba zaidi. Minara halisi imeegemezwa nje kidogo, na husemwa ni ili ikianguka isiangukie kaburi. Kwa kipimo chetu mwegemeo huo hauonekani, kwa hiyo isimamishe wima.

Ukimaliza nusu moja, kunja karatasi ang'avu kwenye mstari wa katikati na unakili nusu ya pili. Jengo lote linakubali kukunjwa hivyo: minara, matao, bustani, hata msikiti wa mawe mekundu upande wa magharibi una mwenzake mashariki, uliojengwa kwa ajili ya kusawazisha. Kisichokubali kiko ndani, nacho hakuna anayekiona kutoka bustanini. Kaburi la Mumtaz liko katikati kabisa ya ukumbi. Shah Jahan, aliyepinduliwa na mwanawe Aurangzeb mwaka 1658 na kufungiwa katika Ngome ya Agra hadi alipofariki mwaka 1666, alilazwa kando yake, na kaburi lake ndilo linalovunja ulinganifu wa eneo zima.

Mbele ya jengo chora mfereji wa maji: upana milimita 26 chini ya picha, ukijibana hadi 5 karibu na jukwaa. Njia za mawe mekundu pande zote mbili, kisha miti mitatu ya msaipresi kila upande, mirefu zaidi kadiri inavyokukaribia. Isizibe minara.

Kuhamisha mchoro

Mafundi wa zamani walitoboa mistari ya mchoro kwa sindano, wakaweka karatasi ile juu ya wasli na kuigongagonga kwa kitambaa chenye unga wa mkaa. Vitone vikabaki, wakaviunganisha kwa brashi. Njia hiyo inafaa ukitaka kuchora picha moja mara nyingi. Kwa picha moja, sugua penseli nyuma ya karatasi ang'avu, ilaze, na ufuate mistari kwa penseli ngumu bila kukandamiza. Kisha rudia mistari kwa brashi 000 na rangi ya hudhurungi iliyopoa sana, na ufute penseli yote. Risasi ya penseli ikibaki chini ya rangi hafifu huichafua, na haitoki tena.

Mbingu kwanza

Lowesha eneo la mbingu kwa maji safi hadi ukingoni mwa kuba na minara. Hapa lenzi itakusaidia, na ugeuze karatasi kichwa chini: jicho likiacha kuona "Taj Mahal" huanza kuona ukingo. Changanya buluu na tone la damu ya mzee kwa sehemu ya juu, ukishuka uongeze maji, na karibu na upeo uingize manjano ya udongo hafifu yenye wekundu kidogo, kama rangi ya papai linaloanza kuiva. Acha ikauke. Rudia mara tatu, kila safari nyepesi.

Angalia kiasi cha giza. Mbingu lazima iwe na giza zaidi ya karatasi, hata chini kabisa. Rudi nyuma hatua mbili: kama jengo tupu, lisilo na rangi yoyote, limeshaanza kujitokeza, umefika.

Ikikauka kabisa, laza picha kifudifudi juu ya kigae au kioo safi na usugue mgongo wake kwa kauri. Rangi itajilaza ndani ya karatasi na uso utakuwa laini kwa kazi inayofuata. Utafanya hivyo tena baada ya vivuli vya kwanza vya marumaru.

Marumaru

Tayarisha makombe matatu ya kijivu kutokana na buluu na hudhurungi. La kwanza liwe maji tu yaliyokumbuka rangi. Ukiliweka kwenye karatasi ya majaribio ulione kwa shida. La pili mara mbili ya hilo. La tatu lenye giza la kutosha kwa ndani ya matao, na tone la damu ya mzee liingie humo, maana giza la marumaru lina urujuani.

Kwa kombe la kwanza paka upande wa kushoto wa kila kitu: kuba, shingo, minara, kona iliyokatwa ya kushoto, upande wa ndani wa fremu ya tao kuu. Upande wa kulia uache karatasi ilivyo. Ikikauka, kombe la pili lichukue theluthi ya kushoto ya maeneo hayo. Usifike ukingoni kabisa. Acha uzi mwembamba wa mwanga kwenye ukingo wa kushoto wa kuba na minara, kwa sababu mbingu na mawe yanayozunguka hurudisha mwanga hata upande wa kivuli. Uzi huo ndio unaofanya kuba izunguke badala ya kukatika.

Sasa inakuja kazi ambayo mafundi wa India huiita pardaz, na ndiyo moyo wa picha ndogo. Chukua brashi 000, ichovye kombe la pili, kisha iguse kwenye kitambaa hadi ibaki karibu kavu. Weka vistari vifupi mno, visivyofika hata milimita, ukifuata mkunjo wa kuba kana kwamba unaipapasa. Vistari visigusane. Anza penye giza, na kadiri unavyoelekea kwenye mwanga uviache viwe vichache, hadi viishe vyenyewe. Kuba peke yake inaweza kuchukua saa nne. Nawasha redio nikifika hapa, mkono unapata mwendo wake, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Mpaka kati ya kivuli na mwanga usionekane popote. Kama unaweza kuunyooshea kidole, bado.

Sehemu ya chini ya kuta, pale zinapokaribia jukwaa, ongeza pumzi ya manjano ya udongo ndani ya kivuli. Bustani na mawe mekundu hurusha rangi yao juu. Ndani ya matao tumia kombe la tatu: giza zaidi juu, jepesi chini, maana sakafu hurudisha mwanga.

Maandishi na maua

Fremu ya tao kuu imezungukwa na aya za Qur'ani kwa jiwe jeusi lililopachikwa ndani ya marumaru, kazi ya Amanat Khan kutoka Shiraz. Upande huu wa kusini inaanza Surat Yasini, sura ambayo kwetu pia husomewa marehemu. Herufi zake zinakua kadiri zinavyopanda ili anayesoma akiwa chini azione sawasawa.

Kwa kipimo chetu ukanda huo una upana wa milimita moja na nusu. Usijaribu kuandika. Aya iliyokatika herufi si aya, na hakuna atakayeisoma. Piga nywele mbili za kijivu kuwa kingo, na kati yake weka vistari vya wima visivyolingana, vingine vikiwa na mkia mdogo, jicho lihisi alif na lam bila kusoma neno. Juu ya matao, kwenye zile pembetatu zilizopinda, kuna maua ya vito. Vitone vitatu vya damu ya mzee na viwili vya kijani kila upande vinatosha. Ukiongeza, marumaru itapoteza utulivu wake.

Bustani na maji

Kijani kisiwe kibichi. Kivunje kwa hudhurungi, la sivyo bustani itavuta macho kutoka kwenye jengo. Misaipresi ipakwe kwa tabaka mbili, na upande wa kulia uongeze vitone vya manjano ya udongo.

Maji ni jengo lililogeuzwa. Pima kutoka mstari wa ardhi kwenda chini kama ulivyopima kwenda juu: kilele cha fremu ya tao kuu kinaangukia milimita 37 chini, na karibu na ukingo wa picha utaona mwanzo wa kuba. Kilele chenyewe kiko nje ya picha, kiache huko. Tumia rangi zile zile zikiwa na giza zaidi kidogo, kisha ukate taswira hiyo kwa mistari miwili au mitatu ya mlalo, myembamba, ya rangi ya mbingu. Mistari hiyo ndiyo inayogeuza kioo kuwa maji.

Sasa nyeupe, kisha dhahabu

Fungua nyeupe ya zinki. Iguse mahali hapa tu: ukingo wa kulia wa minara yote, doa moja dogo upande wa kulia wa kuba kwenye utanuko wake, kingo za juu za vibaraza, midomo ya jukwaa, na mstari wa kulia wa fremu ya tao kuu. Kisha weka brashi chini na uondoke chumbani. Ukirudi utatamani kuongeza. Usiongeze siku hiyo.

Dhahabu ni ya pambo la kilele. La kwanza lilikuwa la dhahabu. Mwanzoni mwa karne ya 19 likabadilishwa na la shaba iliyopakwa dhahabu. Lina mwezi mwandamo unaoelekeza pembe zake juu. Paka manjano ya udongo kwanza, yakauke, kisha dhahabu juu yake. Ikikauka, weka kipande cha karatasi laini juu na usugue taratibu kwa mgongo wa kijiko kidogo. Itang'aa.

Ukingo na jina

Picha ndogo haikamiliki bila ukingo. Zungusha mstari wa dhahabu wa nusu milimita, acha milimita moja, kisha mstari wa damu ya mzee. Nje yake acha sentimita mbili hadi tatu za karatasi yenye chai. Wachoraji wa Shah Jahan walijaza pembezoni kwa mimea yenye maua kwa mistari ya dhahabu. Ukitaka kujaribu, chora mmea mmoja kwa kila upande, wenye mizizi na majani yote, usiwe mapambo ya kurudiarudia.

Weka picha ndani ya fremu yenye kioo, lakini kioo kisiguse rangi. Katikati weka kadibodi nene iliyokatwa dirisha. Pwani, unyevu ndio adui. Itundike ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua, na jua lisiifikie moja kwa moja.

Saini yako iwe ndogo, kwa brashi 000, kona ya chini ya kulia ndani ya mstari wa dhahabu, pamoja na mwaka. Kati ya maelfu waliojenga Taj Mahal, Amanat Khan ndiye aliyeachiwa kuandika jina lake kwenye jengo. Aliliweka mwishoni mwa aya, kwa maneno ya unyenyekevu.